Mkono wa Baba na Barabara ya Mulenge

Baba yangu alikuwa ameketi uani, nyumbani kwetu Nyamianda, mjini Uvira, mkono wa kulia ameuinua mbele ya kifua, kiganja kimelala kama cha mtu anayeonyesha urefu wa mtoto. Binti yangu alikuwa mbele yake kwenye mkeka, ameinua mkono vivyo hivyo, amefumba macho. Baba akaupeleka mkono kushoto polepole, akauinamisha, kisha akaurudisha kulia kwa ghafla. Mkono wa binti yangu ukafanya hivyo hivyo. Nilikuwa nimeinama kwenye mbabula napuliza makaa, na niliposimama kuwatazama nilijua mikono ile ilikuwa inapita wapi. Ilikuwa inashuka kwa barabara kutoka Mulenge, juu milimani.

Barabara hiyo ni ya udongo mwekundu, nyembamba, upande mmoja mlima na upande mwingine hewa tupu. Inateremka mpaka uwanda wa Ruzizi na kutokea Luberizi, kwenye mashamba ya mpunga. Wanaume huishuka kwa baiskeli, ambazo huku kwetu tunaziita kinga, wakiwa wamefunga nyuma magunia ya maharagwe, viazi au makaa. Kupanda wanasukuma, kushuka wanaachia. Breki za dukani hufa mapema. Breki inayoaminika ni sandali iliyokatwa kwenye tairi la gari: mshukaji hunyoosha mguu nyuma, hukandamiza soli juu ya gurudumu, na mpira huanza kunuka kabla hata yeye hajaonekana.

Kila mwisho wa kiangazi, magunia yakiwa yamewekwa kando, washukaji hushindana. Wanaanzia juu penye malisho ya ng'ombe na kumalizia kwenye daraja dogo kabla ya Luberizi. Mshindi hupewa tairi jipya, na kwa mwaka mzima watu wa njiani humpigia mluzi akipita. Baba alipigiwa mluzi miaka mingi. Kuna miaka mashindano hayakufanyika, kwa sababu mlima ulikuwa mikononi mwa watu wenye bunduki, na hata hivyo baba aliendelea kushuka na maharagwe.

Yeye ndiye aliyetufundisha kusoma barabara. Siku moja kabla ya mashindano alipanda nasi kwa miguu, mimi na kaka yangu, na kila kona akasimama. Alitupa kokoto kuona zitabingirikia wapi. Alipapasa udongo. Alilala kifudifudi, sikio chini, jicho moja likitazama mteremko, na wapita njia walimwuliza kama amepoteza sindano. Asubuhi ya mashindano, pale juu, alitukalisha kando na kutuamuru tufumbe macho na kuishusha barabara yote kwa mkono, kona kwa kona, mpaka darajani. Mkono ukisita mahali, tulianza upya kutoka juu. Washukaji wengine walitucheka wakasema familia ile inafukuza nzi. Baba alituambia kwamba mguu unadanganya kwa sababu unaogopa, na jicho linadanganya kwa sababu linachelewa, lakini mkono uliosoma haudanganyi.

Niliamini hivyo mpaka kaka yangu alipoanguka.

Alianguka kwenye Kona ya Ng'ombe, ambayo iliitwa hivyo kwa sababu wachungaji huvukia pale wakitafuta maji. Barabara ilikuwa ikienda kulia ghafla, na kaka alikwenda kulia vizuri kabisa, kama alivyosoma. Kilichokuwa hakijasomwa ni ndama aliyesimama katikati. Nilikuwa nimetumwa kusimama mahali hapo kuwazuia wachungaji, pamoja na vijana wengine, na tuliona yote. Hapakuwa na kelele. Kinga ilikwenda upande wake, kaka upande wake, chini ya ukingo, ndama akabaki amesimama akitafuna. Kaka alirudi Uvira juu ya machela ya miti, akapona, lakini mguu wake mmoja ulibaki mfupi kuliko mwingine. Leo anatengeneza baiskeli kando ya barabara kubwa, na hajawahi kupanda moja tena isipokuwa kuijaribu mtaani.

Mwaka uliofuata baba alinigeukia mimi. Hapakuwa na msichana aliyeshuka ile barabara katika mashindano, na kwa baba hilo halikuwa neno. Nilikuwa na umri wa binti yangu wa sasa. Mama alilia siku mbili, halafu akanishonea suruali. Nilishuka miaka kadhaa, nikapata tairi mara moja, na watu wakasema sina woga. Ukweli ni kwamba sikuwahi kushuka hata mara moja bila woga. Ulikuwa unaanza wiki nzima kabla, kwenye meno. Niliuma kijiko wakati wa kula. Pale juu, nikiwa nimefumba macho na mkono hewani, nilisikia ulimi umekauka kama umefungwa kwenye gunia, na mara nilipoachia woga haukuondoka, bali ulikaa nyuma yangu kwenye kiti cha mzigo na kushuka pamoja nami. Sikumwambia baba. Yeye alikuwa akitazama mkono tu.

Niliacha nilipoolewa, lakini malezi yale hayakuniacha. Siingii nyumba ya mtu bila kwanza kuona ninatokea wapi. Nikiwa mjamzito nilikuwa nasoma njia ya kwenda maternité, hospitali ya kujifungulia, kwa mkono, usiku na mchana: kushoto kwenye kioski, kulia kwenye mtaro, ngazi mbili. Mume wangu, ambaye anafanya kazi bandarini Kalundu na amezaliwa katika ukoo wa wafanyabiashara wa ziwani, watu wa utulivu, alinikuta hivyo akadhani naswali kwa namna ya kwetu. Baadaye nilipoanza kazi ya kukusanya habari kwenye redio ya mtaa, wenzangu walisema nina bahati, kwa sababu siku mji unapochafuka mimi huwa nimeshajua njia gani bado iko wazi. Si bahati. Mtu aliyelelewa kwenye mteremko haoni mahali alipo, anaona kona inayofuata. Hata katika harusi mimi natazama mlango.

Nakumbuka jioni moja, macho ya baba yakiwa bado mazima, tulikwenda kwenye nyumba ya video kusubiri mechi ya mpira. Kabla ya mechi televisheni ilionyesha watu weupe wakiteremka mlima wa barafu, mbao mbili zimefungwa miguuni, wakipinda kati ya vijiti vilivyopandwa njiani. Vijana walianza kuwatania. Mmoja alisema suruali ndizo zinawabana, ndiyo maana wanakimbia. Kisha tukaonyeshwa mwanamke mmoja aliyesimama juu akisubiri zamu yake. Alikuwa amefumba macho. Mkono wake ulikuwa mbele ya kifua, kiganja kimelala, unakwenda kushoto, unainama, unarudi kulia.

Baba akasimama.

"Nyamazeni," alisema. "Huyu muntu anasoma."

Wakanyamaza, kwa sababu alikuwa mzee. Mwanamke yule akaachia. Alipita kona za kwanza vizuri mno, halafu ubao mmoja ukamponyoka, akabingirika mpaka kwenye wavu mrefu uliotandazwa kando ya njia, na wavu ukampokea kama samaki. Chumba kizima kikacheka. Baba na mimi hatukucheka. Njiani kurudi, tulipokaribia nyumbani, akasema:

"Bale beko na wavu. Siye hatuna."

Ni mara pekee niliyomsikia akisema kitu kilichofanana na woga. Tangu siku hiyo nilijua kwamba naye anaujua.

Sasa macho yake yameingia ukungu. Anatambua mwanga na kivuli, basi. Anakaa uani kwetu, na barabara ya Mulenge imebaki kwenye mkono wake wa kulia. Binti yangu alimkuta hapo. Alianza kama mchezo, akaja akataka kujua kila kona, kisha akaenda kwa mjomba wake, kaka yangu, akaomba kinga. Kaka alimtengenezea moja kutoka vyuma vitatu tofauti, akamkatia sandali ya tairi. Nilipomwuliza kwa nini amefanya hivyo, yeye kuliko watu wote, alisema angeshuka tu, afadhali ashuke na breki nzuri.

Sikuweza kumkataza. Nilijaribu. Aliniuliza kwa upole kama nilipewa tairi au sikupewa. Lilikuwa bado limetundikwa ukutani, nyuma ya mlango.

Mvua za mwaka huo zilikuwa mbaya. Mito ilishuka na mawe, nyumba za kando ya mto Mulongwe zikaingia maji, na redioni tulisoma habari hizo mpaka sauti zikakauka. Za mlimani hazikutufikia vizuri, maana simu huko hukatika. Kiangazi kilipokuwa kinaisha, nilikuwa sokoni nikinunua maharagwe kwa mama mmoja aliyetoka Mulenge, nikamwuliza barabara iko namna gani, kama ninavyouliza kila mtu. Akasema ni nzuri, isipokuwa Kona ya Ng'ombe. Pale mlima ulimeguka. Siku hizi wanapita upande mwingine.

Niliacha maharagwe pale pale mezani pake, nikatembea haraka mpaka nyumbani.

Walikuwa uani, mikono hewani. Nilimwambia baba kwamba Kona ya Ng'ombe imeondoka na mvua. Hakuushusha mkono.

"Minye hiyo barabara naijua," alisema.

"Unaijua ya zamani, baba."

"Barabara haina ya zamani na ya mupya. Mulima ni ule ule." Akamgeukia mjukuu wake kwa mahali alipodhani uso uko. "Mama yako alikuwa anashuka vizuri, lakini muda wote alikuwa anaogopa. Alifikiri sioni."

Nilisimama pale na mikono mitupu. Miaka yote nilidhani nimemficha. Binti yangu alifumbua macho, akanitazama, na nikaona amechagua upande. Si wangu.

Niliomba ruhusa kazini, na siku moja kabla ya mashindano tukapanda, mimi na binti yangu. Alikubali kwa sababu kusoma barabara kwa miguu ni sheria ya babu yake, si kwa ajili yangu. Tulifika mpaka juu usiku kwa gari la mizigo, chini ya turubai, bila kuiona njia, kisha kulipokucha tukageuka kuteremka kwa miguu. Alitembea mbele. Kila akikaribia kona alifumba macho hatua chache, akaushusha mkono kama alivyofundishwa, kisha akafumbua kuona kama barabara inamtii. Ilimtii. Jiwe Jeupe lilikuwa pale. Kona ya Kisima ilikuwa pale, na maji yake yakivuka njia. Kila mara alinitupia jicho, na mimi nikaanza kufikiri labda mama wa maharagwe alichanganya mahali, na nikawa natamani iwe hivyo.

Halafu nilisimama kuondoa kokoto kwenye kiatu. Nilipoinua kichwa, binti yangu alikuwa amenitangulia, amefumba macho, mkono mbele. Mbele yake alama za magurudumu zilipinda kushoto, zikaingia kwenye njia mpya iliyochongwa katika ukuta wa mlima. Mkono wake ukaenda kulia. Miguu ikafuata mkono.

Kulia hapakuwa na kitu. Meno yalikuwa yameumana, kama zamani. Nilikimbia, nikamshika kwa nguo ya mgongoni, tukaketi wote wawili kwa kishindo kwenye udongo. Alifumbua macho kwa hasira. Kisha akaona nyayo zake zimeishia wapi. Chini kabisa, mahali tulipomwokota kaka yangu, palikuwa na rundo la udongo na miti iliyosimama kichwa chini. Kijiwe kimoja kilichokuwa ukingoni kikaamua kwenda. Tulisubiri kukisikia. Kilichelewa sana.

"Babu ananifundisha njia ya kufa," alisema. Hakulia. Mikono yake ilikuwa imeshika nyasi.

Nilimwambia hapana, babu anamfundisha njia ambayo haiko tena.

Tulilala Luberizi kwa jamaa, na asubuhi kaka alimleta baba kwenye taksi, maana baba hakosi mashindano hata bila macho. Nilimkalisha kwenye benchi nje ya nyumba ya kukoboa mpunga nikamweleza tulichoona. Sikupunguza kitu, sikuongeza. Mashine ilikuwa ikivuma nyuma yetu na vumbi la pumba likitua juu ya mabega yake. Mwishowe akainua mkono wa kulia.

"Nionyeshe."

Niliushika. Ulikuwa mwepesi kuliko nilivyotarajia. Nikauteremsha kutoka juu, Jiwe Jeupe, Kona ya Kisima, mteremko mrefu ulionyooka, na tulipofika pale ukataka kwenda kulia. Niliuvuta kushoto. Ukagoma. Mkono wa mzee, na ulikuwa na nguvu mahali hapo tu.

"Hapa ndiyo kaka yako alianguka," alisema.

"Hapako tena, baba. Hata pale alipoangukia hapako."

Akauachia. Nikaupitisha kushoto, na kushoto tena, nikaurudisha taratibu. Akaniomba tuanze upya kutoka juu. Tukaanza upya. Binti yangu alikuwa amechuchumaa mbele yetu, mkono wake hewani, na mara hii alikuwa anafuata wangu.

Binti yangu alitangulia juu na kinga aliyoletewa na kaka. Kabla sijapanda kwenda kusimama pale konani, nilimwomba mwenye mashine magunia ya pumba. Hana kazi nazo, huzichoma. Kaka alinisaidia kuyapakia kwenye gari lililokuwa linapanda, na tukayapanga ukingoni mwa Kona ya Ng'ombe, mawili mawili, moja juu ya jingine. Washukaji waliokuwa wanasukuma kinga zao kwenda juu walisimama kututazama.

"Mama, unauzia nani pumba huku mulimani?" mmoja aliniuliza. "Mbuzi ya huku inakula nyasi."

Mwenzake akasema pengine namtandikia mkwe kitanda. Wakacheka, wakaendelea kusukuma. Kaka alikuwa amekaa juu ya gunia akinyoosha mguu wake mfupi. Alikuwa akitazama chini kwenye lile rundo la udongo. Baadaye alisema, kama anayezungumza habari ya mtu mwingine, kwamba siku ile ya ndama pumba zingemfaa.

Sitaeleza jinsi nilivyosubiri. Aliyewahi kusubiri anajua, na ambaye hajawahi nisimharibie siku. Nilisikia mluzi juu, halafu minyororo. Wa kwanza alipita akiwa amekaza mguu, mpira unanuka. Wa pili akapita. Niliuona mkono wangu mwenyewe umeinuka, unaelekea kushoto, kushoto, kana kwamba ninaweza kuivuta barabara.

Binti yangu alitokea akiwa na kasi kubwa kuliko wote. Niliona uso wake, macho wazi, na niliona bega la kulia linashuka. Kulia. Mwili wake ulikuwa unaenda kule ulikofundishwa. Kisha goti likatoka nje, mguu ukapiga gurudumu, kinga ikayumba, na bega lake likayakwangua magunia kwa urefu wote. Moja likapasuka. Pumba ziliruka kama vumbi la dhahabu, na zilipotua hakuwepo. Nilitazama ukingoni kwanza. Kaka ndiye aliyenigeuza kichwa: alikuwa amekwisha kupita, anateremka kuelekea mteremko unaofuata, mgongo mweupe kwa pumba.

Hakupata tairi. Alifika daraja la Luberizi nyuma ya wengi, kwa sababu baada ya kona ile, kama alivyoeleza mwenyewe, alishuka akiwa amekanyaga breki mpaka mwisho. Tulipomfikia alikuwa ameketi kwenye benchi karibu na babu yake, hataki kunitazama. Baba alimpapasa kichwa, akasimamisha vidole.

"Hii ni nini ndani ya nywele?"

"Pumba, babu."

"Ya wapi?"

Akamweleza. Alimwambia kwamba alijua ni kushoto, alilisema neno hilo kwa mdomo akiwa anashuka, na bado mkono ulikwenda kulia. Baba alizitoa pumba moja moja, akizihesabu au akiomba, sijui. Kisha akamwambia kitu ambacho hakuwahi kuniambia mimi wala kaka yangu.

"Weye uliogopa. Ni vizuri."

Binti yangu akasema aliogopa kwa sababu mimi nilimfundisha kuogopa. Hakusema kwa shukrani. Nilikuwa nimebeba gunia lililopasuka, nikaliweka chini. Ni kweli. Nimempa kile nilichopewa, pamoja na kile nilichokificha.

Juzi mvua ya kwanza ilianguka Uvira. Ilikuwa mchana, tukiwa uani, na mlima nyuma ya mji ukafunikwa mpaka nusu. Binti yangu alikuwa anapaka mafuta mnyororo wa kinga yake, ile ile ya vyuma vitatu. Hakusema kama atashuka mwaka ujao, na sikumwuliza, kwa kuwa mtu hapaki mafuta kinga anayotaka kuiacha. Baba aligeuza uso kuelekea kwenye baridi.

"Kule juu inanyesha?" aliniuliza.

"Sijui bado, baba."

Mkono wake ulikuwa umelala gotini. Hakuuinua.

"Ikikauka, panda utazame," alisema. "Kisha urudi unishike mukono."